Soichiro Honda: mtoto wa mhunzi aliyeanza na vipande vya magari ya wengine

Kwenye barabara inayotoka Panzi kuelekea Nyantende, asubuhi mapema, kisha sauti ya jogoo ni sauti ya moto. Moto inabeba mama na kitunga yake, inabeba gunia la makala, inabeba mgonjwa anayepelekwa hospitali. Ikikufa njiani, fundi anaitwa. Anakuja na funguo zake mbili tatu, anatafuta piesi kwenye moto nyingine iliyolala nyuma ya nyumba, anapima, anakata, anafunga, na moteri inanguruma tena. Fundi wa namna hiyo mara nyingi hana diplome ukutani. Anajua kusikiliza chuma, basi.

Jina la Honda watu wa Kivu wanalijua vizuri. Limeandikwa kwenye moto, kwenye magari, kwenye gurupe za umeme na kwenye pompi za maji. Lakini wengi wanafikiri ni jina la kiwanda tu. Kumbe ni jina la mtu, na mtu huyo alianza sawa na yule fundi wa kando ya barabara: kijana wa kijiji, mikono myeusi kwa mafuta, akiunda gari la mbio kwa shasi ya gari moja na moteri iliyotolewa kwenye ndege. Haya ndiyo maisha yake, pamoja na makosa yake, sababu makosa yake nayo yanafundisha.

Nyumba ya mhunzi

Soichiro Honda alizaliwa tarehe 17 Novemba 1906 katika kijiji cha Komyo, upande wa Shizuoka, nchini Japani. Baba yake Gihei alikuwa mhunzi. Alifua majembe na visu, na baadaye akaanza kutengeneza kinga, ama baiskeli kama wengine wanavyosema, wakati ambapo chombo hicho kilikuwa bado kigeni vijijini. Mama yake Mika alikuwa fundi wa kufuma nguo. Nyumba haikuwa na mali, lakini ilikuwa na moto wa kufulia chuma na vyombo vya kazi. Mtoto alikua akichezea misumari na mabati.

Darasani hakuwa mwanafunzi wa kusifiwa. Alipenda kuona kitu kwa macho na kukigusa, si kukisoma. Yeye mwenyewe alizoea kusimulia uzeeni hadithi moja ya utoto wake. Shule ilitaka mzazi apige muhuri wa familia kwenye ripoti ya alama, kuonyesha kwamba ameisoma. Soichiro hakutaka baba aone alama zile, basi akachonga muhuri wa uongo kwa mpira wa pedali ya kinga. Ulifanya kazi, sababu herufi za jina lake zinafanana kulia na kushoto. Akawasaidia na wenzake kuchonga mihuri yao. Majina yao hayakuwa na bahati hiyo: yalitoka yamegeuka, na mchezo ukajulikana.

Siku aliyoona gari mara ya kwanza pale kijijini, alilikimbilia kwa nyuma. Gari liliacha matone ya mafuta chini. Mtoto akainama, akanusa, akapaka mafuta yale mikononi. Siku nyingine akasikia kwamba rubani Mmarekani atarusha ndege mjini Hamamatsu. Akachukua kinga ya baba bila ruhusa, kubwa kuliko miguu yake, akapiga pedali kama kilomita 20. Pesa ya kuingia haikutosha. Akapanda mti, akatazama ndege kutoka juu ya matawi. Baba alikuwa na hasira aliporudi, lakini aliposikia mtoto ameiona ndege kwa macho yake, hasira ikapungua.

Garaji ya Tokyo na ufagio

Mwaka 1922, akiwa na miaka 15, Soichiro alimaliza shule na kwenda mji mkuu Tokyo kuwa mwanafunzi wa kazi kwenye garaji iliyoitwa Art Shokai. Mwenye garaji alikuwa Yuzo Sakakibara. Kijana alifikiri ataanza na funguo mkononi. Akapewa mtoto wa mwenye nyumba amlee, na ufagio. Kwa miezi ile ya kwanza alibeba mtoto mgongoni huku akiangalia mafundi kwa mbali. Alifikiria hata kutoroka, ila aliona aibu ya kurudi kwa baba mikono mitupu.

Kisha siku moja ya theluji kazi ilijaa, na patron akamwita aje kusaidia. Kijana akaingia chini ya gari, na patron akaona kwamba mikono ile inajua. Tangu siku hiyo ufagio ulipata mtu mwingine.

Tarehe 1 Septemba 1923 tetemeko kubwa la ardhi lilipiga Tokyo. Watu wa Bukavu wanaokumbuka Februari 2008 wanajua ardhi ikitikisika mtu anafikiri nini. Kule Tokyo, kisha kutikisika ulifuata moto, na sehemu kubwa ya mji iliungua. Wenye garaji walipiga kelele magari ya wateja yatolewe nje. Honda, ambaye hajawahi kuendesha gari, akaruka kwenye kiti akaliondoa moja katikati ya watu waliokimbia. Garaji iliungua. Wafanyakazi wengi wakarudi kwao vijijini.

Yeye akabaki. Na hapo njo shule yake ya kweli ilianza, sababu mji ulijaa magari yaliyoungua. Ilibidi kuyafungua, kupima chuma gani bado kina nguvu na kipi moto umekilegeza, kuunganisha kile kilichopona na kile kilichotengenezwa upya. Magurudumu ya wakati ule yalikuwa na mikono ya mbao, na mbao zote zilikuwa majivu. Kijana akajifunza kuchonga mikono mipya, mmoja mmoja, mpaka gurudumu lizunguke bila kuyumba.

Gari lenye moteri ya ndege

Patron Sakakibara alipenda mbio za magari. Japani ya wakati ule haikuwa na kiwanda cha kuuza gari la mbio, na kuleta moja kutoka Ulaya ilikuwa bei ya matajiri wakubwa. Basi akaamua kuunda lake usiku, kisha kazi za wateja kumalizika. Mdogo wake Shinichi alikuwa pamoja naye, na vijana wachache wa garaji, Honda akiwa mmoja wao.

Mpango wao ulikuwa ule ule ambao fundi yeyote wa Bukavu angeuelewa: tunachukua nini, kutoka wapi, na vitu hivi vitakubaliana? Shasi ilitoka kwenye gari la Kimarekani la aina ya Mitchell. Moteri ilikuwa ya ndege, Curtiss OX-5, iliyotumika kwenye ndege za kufundishia marubani wakati wa vita vya kwanza vya dunia. Ilikuwa na silinda nane, litre zaidi ya 8, na nguvu ya farasi kama 90.

Kwenye karatasi ni rahisi: moteri kubwa juu ya shasi ya gari, mambo yamekwisha. Kwenye garaji si hivyo. Moteri ya ndege imetengenezwa izungushe panga la ndege polepole, mizunguko kama 1400 kwa dakika, kwa mwendo mmoja muda mrefu. Gari linataka kitu kingine: kuondoka, kupunguza mwendo, kuongeza tena. Moteri ile ni ndefu na nzito, na uzito wote unakwenda mbele. Inapozwa kwa maji, basi inataka radieta. Shasi iliyobuniwa kubeba familia sasa inabeba mnyama wa porini. Kila kipande kinacholetwa kutoka mahali pengine kinakuja na tabia yake ya zamani, na kazi ya fundi ni kuvipatanisha. Mabano, vishikio na viungio vya kufunga kitu kimoja kwa kingine havikuuzwa popote. Walivitengeneza kwa mikono.

Novemba 1924 gari lilikuwa tayari. Katika shindano la magari la Japani, Shinichi Sakakibara alishika usukani, na pembeni yake aliketi fundi wa safari, Soichiro Honda, aliyekuwa ametimiza miaka 18. Walishinda. Gari hilo la Curtiss lipo mpaka leo, limehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la kampuni ya Honda huko Motegi, Japani, na moteri yake bado inawaka.

Siku mbaya ya mwaka 1936

Mwaka 1928 Sakakibara alimruhusu afungue tawi la Art Shokai mjini Hamamatsu, karibu na kwao. Alikuwa na miaka 21. Watu waliona ni mtoto, lakini gari lililoshindikana kwingine lilipona kwake, na wateja wakaongezeka. Akakumbuka mbao zilizoungua Tokyo, akabuni mikono ya magurudumu ya chuma cha kuyeyusha, akapata hati ya uvumbuzi, na pesa ikaanza kuingia. Kijana akapenda raha, pombe na kelele. Mwaka 1935 akamwoa Sachi, mwanamke ambaye jina lake litarudi mbele kidogo.

Mbio hazikumtoka moyoni. Akaunda gari lingine, safari hii juu ya msingi wa Ford, akaliita Hamamatsu. Tarehe 7 Juni 1936 akaingia nalo kwenye mashindano ya kufungua uwanja wa Tamagawa. Yeye alikuwa dereva, na mdogo wake Benjiro akawa fundi wa safari pembeni. Walikuwa mbele, mwendo ni mkali, gari lingine likajitokeza njiani kwao. Waligongana. Gari la Honda likaruka, ndugu wote wawili wakatupwa nje. Soichiro aliumia uso na mkono. Benjiro aliumia uti wa mgongo.

Walipona. Lakini mke na baba wakamwomba aache kuendesha, naye kidogo kidogo akaacha. Gari lake lilikuwa na mbio za kutosha, hilo hakuna aliyelibishia. Jambo ni kwamba katika gari la wazi la siku zile, bila mkanda, bila kitu cha kulinda kichwa, hesabu ya mwendo ilifanywa na fundi, na hesabu ya mwili wa binadamu haikufanywa na mtu. Deni hilo litamrudia Honda mara nyingine, miaka 32 baadaye, na safari hiyo halitalipwa kwa majeraha.

Pete ndogo zilizomshinda

Kutengeneza magari ya wengine kulianza kumchosha. Akataka kuunda kitu mwenyewe. Mwaka 1937 akachagua pete za pistoni, vile vyuma vyembamba vinavyozunguka pistoni ili nguvu ya moto isipotee na mafuta yasipande. Kitu kidogo, alifikiri, rahisi. Pete zikamshinda. Zilivunjika, ama zilikuwa laini sana. Alikaa usiku karakanani, ndevu zikaota, akiba ikaisha.

Mwishoni alimeza kiburi, akaenda kumwona mwalimu wa ufundi mjini. Kupima kipande chake kukaonyesha kwamba chuma chake kilikosa silikoni. Honda hakujua hata kama silikoni inahitajika. Fundi aliyesifiwa Hamamatsu nzima, aliyeshinda mbio, hakujua chuma kimetengenezwa na nini. Akiwa na karibu miaka 30, mwenye wafanyakazi chini yake, akajiandikisha kwenye shule ya ufundi, akakaa na vijana. Alisikiliza masomo ya chuma tu, mengine akayaacha, mitihani hakufanya. Shule ikamfukuza bila diplome. Yeye akaona amepata kile alichofuata.

Hata hivyo safari haikuwa fupi. Alipopeleka pete zake kwa Toyota, kati ya 50 zilizopimwa ni 3 tu zilizokubaliwa. Akarudi kazini, akatembelea viwanda na vyuo vikuu kuuliza, mpaka pete zikakubalika na Toyota ikaingia kama mshirika kwenye kampuni yake, Tokai Seiki. Wakati wa vita vya pili vya dunia wanaume walichukuliwa jeshini, na wanawake wakaingia kiwandani. Honda akabuni mashine zinazojiendesha ili mtu asiye fundi aweze kutoa pete nzuri. Kisha mabomu ya Wamarekani yakaanguka, na Januari 1945 tetemeko la ardhi likabomoa kilichobaki. Vita vilipokwisha, aliuza hisa zake kwa Toyota kwa yeni 450,000, akatangaza kwamba anapumzika mwaka mzima. Watu walimwona akipiga filimbi na kunywa na rafiki zake. Walifikiri amekwisha.

Moteri ya radio juu ya kinga

Japani ya 1946 ilikuwa nchi ya njaa. Treni zilijaa watu mpaka madirishani. Esansi ilitolewa kwa kipimo. Mtu aliyetaka kwenda kijijini kutafuta mchele ama viazi alikwenda kwa miguu ama kwa kinga. Oktoba mwaka ule Honda alifungua karakana ndogo ya mbao mjini Hamamatsu.

Siku moja, kwa rafiki, aliona moteri ndogo ya jeshi. Kazi yake wakati wa vita ilikuwa kuzungusha gurupe ya kutoa umeme kwa ajili ya mashine za radio za askari. Vita vilikwisha, radio zimenyamaza, na moteri kama 500 zilikuwa zimelala bila kazi. Honda akazinunua. Akili ya garaji ya Tokyo ikarudi: hii inatoa nguvu, na ile, yaani kinga, ina shasi tayari. Kinachobaki ni kuzipatanisha.

Tanki la mafuta halikuwapo. Akachukua chupa ya bati ya maji ya moto, zile ambazo watu wa Japani walitia kitandani wakati wa baridi, akaifunga kwenye chombo cha kwanza. Mtu wa kukijaribu mbele ya watu alikuwa Sachi, mke wake. Aliporudi nguo yake ilikuwa imechafuka kwa mafuta yaliyotoka kwenye moteri, akamweleza mumewe wazi kwamba chombo kama hicho hakiwezi kuuzwa kwa mwanamke. Honda alisikiliza, akarekebisha. Kwa sababu esansi ilikuwa haba, moteri ilichanganyiwa mafuta yaliyokamuliwa kwenye mizizi ya misonobari. Ilitoa moshi na harufu, lakini ilikwenda.

Wachuuzi walikuja kutoka miji ya mbali kutafuta kinga zile. Moteri 500 ziliisha upesi, na hapo Honda alilazimika kuchagua: kufunga mlango sababu piesi za jeshi zimekwisha, ama kuunda moteri yake mwenyewe. Mwaka 1947 moteri yake ya kwanza ilitoka. Tarehe 24 Septemba 1948 kampuni ya Honda iliandikishwa rasmi, wafanyakazi 34, mtaji wa yeni milioni moja.

Mwaka uliofuata alijiunga naye Takeo Fujisawa, mtu asiyependa grisi lakini anayejua pesa na watu. Walipatana: Honda ashike vyuma, Fujisawa ashike hesabu, na mmoja asiingilie meza ya mwingine. Mwaka 1958 walitoa Super Cub, moto ndogo ambayo mwenye kuiendesha anaweza kupitisha mguu mbele bila kuruka kiti, na mchuuzi wa chakula anaweza kuiendesha kwa mkono mmoja. Kufikia mwaka 2017 Super Cub zilizotengenezwa zilifika milioni 100. Mwaka 1961 moto za Honda zilishinda mbio za kisiwa cha Man katika daraja za cc 125 na 250, mbele ya viwanda vya Ulaya vilivyokuwa vikiwacheka Wajapani miaka michache kabla.

Gari dogo la wazi

Lakini ndoto ya yule kijana wa Curtiss ilikuwa gari. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 serikali ya Japani ilikuwa inatayarisha sheria ambayo ingeyaacha makampuni machache tu yatengeneze magari. Asiyekuwa ndani angebaki nje. Honda, ambaye alikuwa anajulikana kwa moto tu, alikwenda kugombana na wakubwa wa serikali. Aliona serikali haina haki ya kumwambia fundi asitengeneze kitu. Na akakimbia kazi mbele ya sheria. Mwishowe sheria ile haikupitishwa, lakini mbio zile zilikuwa zimezaa matunda: mwaka 1963 kampuni ilitoa camionnette ndogo, T360, na miezi michache baadaye gari la watu wawili, la wazi, S500.

S500 ilionyesha wazi kwamba imezaliwa nyumba ya moto. Moteri yake ilikuwa ya cc 531 tu, lakini ilikuwa na silinda nne, kila moja na karbureta yake, ikatoa nguvu ya farasi 44 kwenye mizunguko 8000 kwa dakika. Magurudumu ya nyuma yalizungushwa na minyororo, kila upande na wake, kama mnyororo wa moto uliofungiwa ndani ya sanduku la chuma. Mtu aliyefungua gari lile alimwona fundi mwenyewe: amechukua kile anachokijua na kukipanga upya. Mwaka uliofuata kampuni ikaingia kwenye mbio kubwa za dunia za Formula 1, na tarehe 24 Oktoba 1965, nchini Mexico, Mmarekani Richie Ginther akaipa ushindi wa kwanza.

Kiburi cha hewa

Hapa njo ukurasa mgumu wa maisha yake. Honda aliamini kwamba moteri ipozwe kwa hewa, kama moto, si kwa maji. Hoja yake haikuwa ya kipumbavu: mwishowe hata joto la maji linatolewa na hewa, basi kwa nini kubeba radieta, pompi na mipira inayovuja? Mainjinia wake vijana waliona tofauti. Silinda za moteri kubwa hazipati hewa sawa, moja inaungua huku nyingine ni baridi. Walimwambia. Hakusikia. Alikuwa mkubwa, mwenye jina, na mwenye hasira: wafanyakazi walijua kwamba siku mbaya funguo inaweza kuruka kutoka mkononi mwake, ama kofi.

Gari la mbio la RA302 lilitengenezwa kwa imani hiyo, jepesi, lenye magnesi nyingi, likipozwa kwa hewa. Dereva mkuu wa kampuni, John Surtees, alilijaribu akakataa kulipeleka kwenye mbio: aliona haliko tayari. Hata hivyo liliingizwa kwenye mashindano ya Ufaransa, mjini Rouen, likapewa Mfaransa Jo Schlesser, mwenye miaka 40. Tarehe 7 Julai 1968, barabara ikiwa na mvua, mwanzoni tu mwa mbio, gari lilitoka njiani, likagonga ukingo na kuwaka. Magnesi ikishika moto haizimiki kwa urahisi. Schlesser alikufa pale pale. Mwisho wa mwaka ule kampuni ilijitoa kwenye Formula 1.

Hata kisha hayo, mzee aliendelea kushikilia hewa kwenye magari ya kuuza. Mainjinia walichoka, mmoja wao muhimu aliacha kwenda kazini siku nyingi. Fujisawa ndiye aliyekwenda kumwona. Alimwuliza kama anataka kuwa rais wa kampuni ama fundi wa kampuni, sababu hawezi tena kuwa vyote viwili. Honda alinyamaza, kisha akajibu kwamba atakuwa rais. Maana yake ilikuwa: wapeni vijana maji yao. Kutoka kwenye maji hayo ilizaliwa Civic, mwaka 1972, na moteri ya CVCC iliyotimiza sheria mpya kali za Marekani juu ya moshi, sheria ambazo viwanda vikubwa vya Marekani vilikuwa vinalia kwamba hazitimiziki.

Katika kazi ile ya CVCC alipata somo la mwisho. Yeye alifurahi sababu kampuni yake ndogo itawapita wakubwa. Vijana wakamwambia kwamba wao hawafanyi kwa ajili ya kumshinda mtu, wanafanya ili watoto wapumue hewa safi. Aliona aibu. Akaelewa kwamba wakati umefika.

Kuacha kiti

Oktoba 1973 Honda na Fujisawa waliacha uongozi siku moja, wote wawili. Hawakumweka mtoto wala ndugu kwenye kiti. Honda aliona kampuni si shamba la familia, na mwanawe hakuingia humo. Kisha akaanza safari ya pekee: alizunguka viwanda na maduka ya kampuni kote Japani kushika mkono wa wafanyakazi. Fundi mmoja kijana alirudisha mkono wake nyuma sababu ulikuwa na grisi. Mzee akaukamata hivyo hivyo, akaunusa mkono wake mwenyewe baadaye, akafurahi. Ilikuwa harufu ile ile ya matone ya kijijini Komyo.

Alifariki tarehe 5 Agosti 1991 kwa ugonjwa wa ini, akiwa na miaka 84. Alikuwa ameomba kampuni isimfanyie maziko makubwa. Mtu aliyejaza magari barabarani, alisema, asifunge barabara za watu kwa ajili ya kufa kwake.

Katika Afrika yetu ya Mashariki nako wapo waliojaribu njia hiyo. Kenya ilionyesha gari lake la Nyayo mwaka 1990, na pesa ya kulipeleka kiwandani haikupatikana. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilitoa gari la umeme la Kiira mwaka 2011. Huko Goma chukudu ya mbao inabeba mizigo mpaka leo, na hakuna aliyeileta kutoka ng'ambo. Mikono haijawahi kukosekana.

Kijana anayefungua moto chini ya mti huko Nyantende anaweza kuchukua mambo mengi kutoka kwa fundi huyu wa Komyo: kutodharau kipande cha zamani, kurudi shule hata ukiwa na wateja, kumsikiliza mke anayesema mafuta yanavuja. Na achukue pia lile ambalo Honda alilijifunza kwa kuchelewa. Kabla ya kuongeza nguvu ya moteri, angalia freni. Na mtu atakayekalia chombo chako akikuambia hakiko tayari, zima moteri, umsikilize.